Soran Bushi na dai kwamba Japani ‘haikuacha mila’

Katika mijadala yetu ya utamaduni, Japani ni shahidi anayeitwa kila mara. Ati Wajapani walijenga viwanda bila kuacha mila zao. Hoja hii ni tamu masikioni, ila ukiipima kwa nyimbo za kienyeji na mazoezi ya viungo shuleni, inapwaya.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Nyimbo hizo huitwa min’yo, yaani ‘wimbo wa watu’. Neno hili lilipata nguvu kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wasomi walipotafuta tafsiri ya Volkslied ya Kijerumani. Kumbe hata jina la jadi lilipitia Ujerumani!

Kisha kuna Isawa Shuji. Serikali ya Meiji ilimtuma Marekani mwaka 1875 kusomea ualimu. Huko alijifunza muziki kwa Luther Whiting Mason na matamshi kwa Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Aliporudi, aliongoza taasisi ya kufunza walimu wa mazoezi ya viungo, iliyoanzishwa 1878, na punde si punde akapewa pia ofisi ya muziki wa shule. Baadaye alirekebisha matamshi ya wenye kigugumizi. Sisi wanaisimu hatuwezi kulipita jambo hili hivi hivi: kwa Isawa, mwili, wimbo na ulimi vilikuwa mradi mmoja wa kumsanifisha Mjapani.

Vitabu vyake vya nyimbo, kuanzia 1881, vilisheheni lahani za kigeni. Auld Lang Syne ya Waskoti ilivishwa maneno ya Kijapani, ikawa Hotaru no Hikari, wimbo wa mahafali hadi leo. Nyimbo za wavuvi je? Hizo zilionekana za kihuni, zikaachwa nje ya darasa. Mwaka 1928 yakaja mazoezi ya redioni, na taifa zima likaanza kunyoosha mikono kwa kufuata piano moja.

Sasa tazama Soran Bushi. Wavuvi wa Hokkaido waliuimba wakichota samaki aina ya heringi kutoka nyavuni. Wimbo na kazi havikutengana. Mdundo ndio uliopanga mikono. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 heringi walikuwa wameadimika, lakini wimbo ukabaki. Leo watoto huucheza kwenye siku ya michezo shuleni, kwa magitaa na ngoma za kisasa, wakiinama kama wanaovuta kamba.

Je, hiyo ni jadi? Naam, na inasisimua kuitazama. Lakini ni jadi iliyofinyangwa na walimu, na gharama yake si ndogo. Mvuvi aliyeongoza wimbo aliweza kuzua beti papo hapo, mizaha ya watu wazima ikiwemo. Mtoto hufuata muziki uliorekodiwa. Kilichohifadhiwa ni lahani na miondoko. Uhuru wa mwimbaji, ambao kwangu ndio roho ya fasihi simulizi, umebaki baharini.

Mji wa Esashi, huko huko Hokkaido, umekuwa na mashindano ya kitaifa ya wimbo wake wa Oiwake tangu 1963. Wimbo umegawanywa vipande saba, kila kimoja kwa pumzi moja, na majaji huketi kusikiliza nani amekosea. Sidhani mabaharia wa zamani wangefika fainali.