Noti ya mwanzi hukatwa ndefu kwanza

Chukua mwanzi wa sentimita 40, mafundo yake ya ndani yametobolewa, uko wazi huku na huku. Upulize kwenye ukingo wake pale Mlingotini, pwani ya Bagamoyo, adhuhuri, joto likiwa nyuzi 30. Katika joto hilo sauti husafiri kama meta 349 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa mwanzi mara mbili, meta 0.8, upate hezi 436.

Mara mbili, kwa sababu kwenye ncha zilizo wazi mgandamizo hauwezi kupanda. Hewa ya nje ni nyingi mno, huumeza. Hupanda na kushuka katikati, mahali ambapo hewa yenyewe haichezi. Kutoka ncha hadi ncha ni nusu ya wimbi tu. Ziba ncha moja kwa kiganja, sauti itazama karibu oktava nzima, maana sasa mwanzi unabeba robo ya wimbi.

Lakini sikio halisikii 436. Hewa inayotetemeka haikomi ukingoni, huchungulia nje kidogo. Mwanzi wenye nusukipenyo cha sentimita 1 huongezewa takriban sentimita 0.6 kila ncha, na noti hushuka hadi kama 424. Hiyo ni nusu ya nusutoni, na mdomo wa mpulizaji, ukifunika sehemu ya tundu, huishusha zaidi. Hesabu pekee haitoshi, na mwanzi hupunguzika lakini haurefuki; ndiyo maana fundi hukata mrefu kwanza, kisha hupunguza kidogo kidogo huku akisikiliza.

Ufundi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye matundu ya vidole. Tundu hufupisha mwanzi, ila tundu dogo hufupisha nusunusu: sehemu ya wimbi hupita na kuendelea mbele. Kwa hiyo noti ina wenyewe wawili, mahali pa tundu na ukubwa wake. Fundi hutoboa kwa chuma cha moto tundu dogo mahali panapofaa kidole, halafu hulipanua mpaka noti ipande anapotaka. Akipitiliza, si rahisi kurudi nyuma.

Linabaki joto. Alfajiri ya nyuzi 15 kule Makete, nyanda za juu kusini, sauti husafiri meta 340 tu, na filimbi ileile huteremka karibu nusu ya nusutoni. Marimba haiteremki hivyo. Vyombo hivyo viwili vikipigwa pamoja, mpigaji filimbi hupuliza kwanza mpaka pumzi ipashe mwanzi joto, ndipo alinganishe.