Taharuki Isiyo na Siri: Mwendo wa Masimulizi katika Filamu ya «Le Salaire de la peur»

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, taharuki hufafanuliwa mara nyingi kuwa ni hamu anayotiwa msomaji ya kutaka kujua kitakachotokea baadaye. Fasili hiyo haina kosa, ila ina upungufu: humfanya mwanafunzi adhani kwamba taharuki huzaliwa na habari iliyofichwa. Filamu ya Henri-Georges Clouzot, «Le Salaire de la peur», iliyotolewa Ufaransa mwaka 1953 na kutuzwa mwaka huohuo huko Cannes na Berlin, yatoa ushahidi wa kinyume. Humo mtazamaji huambiwa yote mapema, na kujua huko ndiko kunakomtesa.

Kisa chenyewe, kilichotokana na riwaya ya Georges Arnaud ya mwaka 1950, ni chepesi. Katika mji wa kubuniwa wa Las Piedras, Amerika ya Kusini, wamekwama wageni wasio na kazi wala nauli ya kuondokea. Kisima cha kampuni ya mafuta ya Kimarekani chashika moto mbali na mji, na moto huo hauzimiki ila kwa mlipuko. Madereva wanne, yaani Mario, Jo, Luigi na Bimba, wakubali kupeleka nitrogliserini kwa malori mawili ya kawaida, kwa ujira wa dola 2,000 kila mmoja.

Jambo la kwanza linaloshangaza ni kwamba malori hayo hayaondoki upesi. Karibu saa nzima hupita mjini: jua kali, mkahawa, madeni, ugomvi, na ubabe wa Jo mbele ya wenzake. Wako wanaoiona sehemu hii kuwa ndefu kupita kiasi; na filamu ilipofikishwa Marekani mwaka 1955 ilipunguzwa, hasa pale kampuni ya mafuta inapolaumiwa. Mkato huo uliharibu si maoni ya filamu tu bali na taharuki yake. Saa ya kwanza ndiyo inayojibu swali la msingi: kwa nini mtu mwenye akili timamu aikubali safari kama hii? Meneja O'Brien aeleza waziwazi kwamba wageni hao wafaa kwa kuwa hawana chama cha wafanyakazi wala jamaa wa kuja kudai fidia. Asiyeyajua hayo angeuhofia mzigo tu. Aliyeyajua huwahofia watu.

Kisha elimu ya hatari hutolewa mara moja. Tone la nitrogliserini ladondoshwa sakafuni, nalo lalipuka. Tangu hapo hakuna siri. Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na François Truffaut yaliyochapishwa mwaka 1966, alitenganisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza: hadhira isiyo na habari hushtuka kitambo kidogo tu, lakini hadhira yenye habari huteseka muda wote watu wanapozungumza. Clouzot amelitoa bomu chini ya meza akalipakia katika lori, na kila shimo la barabara likapata uzito.

Mwendo wa filamu nao wafuata mantiki hiyo. Mahali pamoja barabara imejikunja migongo-migongo kama bati. Ama lori litambae kama konokono, ama likimbie kiasi cha magurudumu kuruka juu ya migongo hiyo. Kasi, ambayo katika filamu nyingi ni alama ya hatari, hapa yaweza kuwa kinga. Mahali pengine, penye kona ya mlima, malori hayana budi kurudi nyuma juu ya jukwaa la mbao zilizooza. Lori la kwanza lapita kwa shida, na mbao zazidi kulegea. La pili lifikapo, tukio ni lilelile, lakini mtazamaji sasa azijua mbao zile. Mita chache zatumia dakika nyingi, wala hazichoshi, kwa sababu kila sentimita yaeleweka.

Ustadi mkubwa zaidi waonekana pale taharuki inapovunjwa. Bimba aupasua mwamba uliofunga njia kwa kutumia sehemu ya mzigo wenyewe, na mtazamaji apata kupumua. Baadaye kidogo, katika lori la nyuma, Jo asokota sigara. Ghafla tumbaku yapeperushwa kutoka katika karatasi, na mwanga wamulika: Luigi na Bimba wamekwisha. Mlipuko ulioogopewa kwa muda mrefu umetukia mbali na macho, wakati wa utulivu, na sababu yake haielezwi.

Mwisho wa filamu wastahili lawama kidogo. Jo amekufa kwa jeraha. Mario amefika, amelipwa, na sasa arudi na lori tupu, akiliyumbisha kwa mdundo wa muziki wa Johann Strauss hadi atumbukie bondeni. Maana ya kifo hicho ni wazi: aliyefundishwa na woga apotea pale anapouacha. Lakini katika matukio yote ya awali hatari ilitoka katika vitu vyenyewe, yaani mbao, mwamba na mafuta. Hapa yatoka katika mkono wa mtunzi, na mkono huo waonekana.

Hata hivyo funzo kwa mhakiki wa Kiswahili labaki. Anapochunguza taharuki katika riwaya au tamthilia, asiulize tu ni nini kilichofichwa. Aulize pia hadhira imejulishwa nini, imejulishwa lini, na imelazimishwa kungoja kwa muda gani baada ya kujua. Fasili inayoacha maswali hayo yafaa kwa hadithi za upelelezi, lakini haitoshi kueleza hofu ya mtu anayekiona kifo njiani na bado hana njia nyingine.