Kioo na Cheo: Tahakiki ya Usanifu wa Jumba la Hardwick

Jumba la Hardwick, lililojengwa Derbyshire nchini Uingereza kati ya mwaka 1590 na 1597, husifiwa zaidi kwa wingi wa madirisha yake. Msemo maarufu wa Waingereza kwamba jumba hilo lina vioo vingi kuliko kuta umejenga dhana kuwa usanifu wake ni wa uwazi. Tahakiki hii inapinga dhana hiyo. Hoja yake ya msingi ni kwamba kioo cha Hardwick kinatangaza cheo cha mmiliki kuliko kinavyofichua maisha ya ndani.

Ushahidi wa kwanza umo katika madirisha yenyewe. Robert Smythson, anayehusishwa na usanifu wa jumba hilo, alizingatia ulinganifu wa nje kwa ukamilifu. Ili ulinganifu huo usivunjike, baadhi ya madirisha yamewekwa mahali ambapo nyuma yake pana ukuta au dohani. Madirisha hayo hayaingizi mwanga wala hayamwonyeshi mtu chochote. Kazi yake ni kukamilisha sura ya mbele. Katika zama ambazo kioo kilikuwa ghali, hata dirisha lisilotumika lilikuwa tangazo la utajiri. Juu ya minara sita, herufi E na S zilizochongwa kwa mawe zinamtaja mwenye mali: Elizabeth wa Shrewsbury, maarufu kama Bess wa Hardwick.

Ushahidi wa pili ni mpangilio wa ghorofa. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo madirisha yanavyorefuka. Chini kabisa kuna jiko na vyumba vya kazi. Katikati kuna makazi ya Bess. Juu kuna ukumbi mkuu wa heshima pamoja na baraza ndefu ya takriban mita 50. Ukumbi huo umepambwa kwa sanamu za lipu zinazomwonyesha Diana msituni, ishara iliyohusishwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza, ingawa malkia huyo hakuwahi kufika Hardwick.

Inaweza kujengwa hoja kwamba mwanga wa ghorofa ya juu ni halisi, na kwamba si haki kuuita wote kuwa maonyesho. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haitoshi. Mwanga huo umegawanywa kwa kufuata daraja: mgeni mheshimiwa ameupata kwa wingi, mpishi kwa uchache.

Kwa hiyo, kulihakiki jumba hili kwa kutazama sura yake ya mbele pekee ni kukubali maelezo ya mmiliki bila kuyahoji. Sharti mhakiki asome pia ramani ya ndani na ngazi ndefu ya mawe inayopanda hadi juu. Asipofanya hivyo, watumishi waliopandisha chakula kutoka jikoni hadi ukumbini watatoweka katika historia ya jumba walilolihudumia kila siku.