Mizani Mbili Bila Jiwe la Kweli

Mezani kuna namba nane tu. Wanafunzi 555 kusini mwa Marekani walipimwa maambukizi ya kifua kikuu kwa njia mbili. Mantoux ni sindano ya tuberkulini kwenye ngozi ya mkono, na uvimbe hupimwa kwa rula baada ya siku mbili tatu. Tine kilikuwa kidude chenye meno manne yaliyopakwa tuberkulini. Watoto 14 walikutwa chanya kwa vyote viwili, 4 kwa Mantoux pekee, 9 kwa Tine pekee, na 528 hasi kwa vyote. Katika sanatoria (hospitali ya kifua kikuu) ya jimbo la Missouri, hesabu kwa mpangilio huohuo ni 887, 31, 37 na 367. Nani hasa ameambukizwa? Hakuna ajuaye. Ni kama kukagua mizani mbili bila jiwe la kilo la kuaminika.

Siu Hui na Stephen Walter, katika makala yao ya 1980, wanaanza kwa kuhesabu wasiyoyajua. Kila kipimo hukosea kwa namna mbili: humkosa aliyeambukizwa, au humsingizia mzima. Kwa vipimo viwili, hayo ni manne. Ongeza kiwango cha maambukizi kwa kila kundi, yanakuwa sita. Nazo namba nne za kundi, jumla ikijulikana, hutoa habari tatu. Makundi mawili, sita. Sita kwa sita. Kwa kundi moja wangebaki na habari tatu dhidi ya mafumbo matano.

Jibu lina fomula, ila mimi napenda njia ya polepole. Kisia yale sita. Kwa makisio hayo, gawa kila kisanduku: sehemu kwa walioambukizwa, sehemu kwa wazima. Kokotoa upya yale sita, ugawe tena, mpaka namba zitulie. Zikitulia, Mantoux inawagundua asilimia 96.6 ya walioambukizwa, Tine 96.9, maambukizi ni asilimia 2.7 shuleni na 71.7 sanatoria.

Sasa rudi kwa wale watoto 4 wa Mantoux pekee. Hesabu inawapa maambukizi ya karibu nusu mtu, wote wanne kwa pamoja. Wale 31 wa sanatoria, wenye majibu yaleyale, inawapa zaidi ya 28. Hapo huwa naweka kalamu chini nikatazama tu.

Kuna jibu la pili, kivuli cha la kwanza, ambamo wazima na wagonjwa wamebadilishana majina. Hisabati haina la kuchagua. Fundi wa takwimu analikataa kwa sababu anajua sanatoria ni mahali gani.

Kisha anakagua misumari, yaani dhana zinazoshikilia hesabu yake. Amechukulia kwamba vipimo ni sahihi sawasawa kote kuwili, na kwamba kimoja kikikosea hakikivuti kingine. Lakini vyote vinatumia tuberkulini, na bakteria walio jamaa wa wale wa kifua kikuu wanaweza kuvidanganya vyote kwa pamoja. Watafiti waliofuata waliongeza namba ya kubeba uhusiano huo. Mafumbo yakazidi sita, na zile habari sita hazikutosha tena.