Daftari la msomaji asiye na mtihani

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kusoma, ambacho kimebebeshwa mizigo miwili. Anayeulizwa "unasoma wapi?" hatarajiwi kujibu kwamba husoma kitandani au chini ya mwembe. Anatarajiwa kutaja shule. Msomi naye si lazima awe mtu apendaye vitabu. Yatosha kuwa alisoma, akamaliza, akapewa cheti. Yule apendaye vitabu tumembakishia neno msomaji, na mara nyingi hulisikia pale tu gazeti linapomwita "msomaji mpendwa".

Nilikumbushwa haya mwaka jana ndani ya matatu kutoka Thika kwenda Ruiru. Tulikuwa tumeshapita Juja, nami nimezama katika riwaya, makanga akaniinamia: "Guka, bado unasoma? Mtihani ni lini?" Nikamwambia sina mtihani, nasoma tu. "Tu?" akauliza, kisha akaendelea kukusanya nauli. Sikumlaumu. Swali lake lilikuwa na mizizi mirefu kuliko alivyodhani.

Katika sehemu hizi za Kiambu, Wakikuyu wa kwanza kujiunga na misheni waliitwa athomi, yaani wasomaji, na neno hilo lilikuwa na maana ya Wakristo. Buganda nako waongofu wa mwanzo waliitwa abasomi. Pwani, neno chuo lilikuwa jina la kitabu kabla ya kuzoeleka kuwa jina la mahali pa kufundishwa, na mtoto aliyepelekwa chuoni alikwenda kusoma Kurani. Kusoma kumetujia kukiwa kumeshikwa mkono na dini, darasa na, baadaye, ajira. Ndiyo maana tukitaka kutaja kusoma kusiko na faida ya wazi hatuna budi kuongeza maelezo: kusoma kwa kujiburudisha, kusoma kwa starehe, kusoma tu. Hilo "tu" ndilo lililomshangaza makanga.

Mwezi wa Januari mwaka huohuo nilikuwa nimenunua daftari la kurasa 200, nikaamua kuandikia humo kila kitabu nitakachosoma bila kulazimishwa na kazi. Sheria ilikuwa moja: kitabu nisomacho kwa ajili ya kufundisha, kutahini au kutathmini mswada wa mchapishaji hakiingii. Kinachoingia nikiandikie nilikipata wapi, nilikisomea wapi, kama kilinishinda kilinishinda ukurasa wa ngapi, na sentensi moja ya kauli yangu. Nyota sikutoa. Hoteli ndizo zipewazo nyota.

Desturi yenyewe si ngeni. Charles Darwin alianza mwaka 1838 kuorodhesha vitabu alivyokusudia kusoma na vile alivyokwisha kusoma, akaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Mwimbaji Art Garfunkel wa Marekani huandika kila kitabu asomacho tangu 1968. Lakini orodha hizo zinatoka katika jamii ambazo mtu akitaka kitabu hukipata. Orodha ya mtu wa Thika hufichua jambo jingine kabisa, nalo ni njia ambazo kitabu cha Kiswahili hupitia mpaka kimfikie msomaji asiye mwanafunzi.

Hebu tazama hesabu. Kufikia Desemba nilikuwa nimeandika vitabu 38. Vya Kiswahili vilikuwa 15. Kati ya hivyo 15, vinne vilikuwa vimo rafuni mwangu tangu zamani, vitatu niliagiza Dar es Salaam kwa mkono wa rafiki, vitano nilivipata kwa wauza mitumba kando ya barabara, na vitatu tu nilivinunua dukani, Thika na Ruiru zikijumlishwa. Na hivyo vitatu vyote vilikuwa katika orodha ya shule.

Si kwamba miji hii haina maduka ya vitabu. Nenda Thika wiki ya kufungua shule uone foleni zinavyotoka hadi nje. Lakini nilipoulizia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, muuzaji, binti mwenye adabu zake, aliniuliza, "Hiyo ni ya Fomu ngapi, mzee?" Nikamwambia si ya Fomu yoyote, ni ya kusoma. Akatabasamu akaniambia basi hawana. Duka la pili, Ruiru, swali lilikuwa hilohilo. Ruiru, jamani, mji ambao jina lake limebebwa na aina ya kahawa, Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na sasa inajulikana mbali! Thika nayo ilijulishwa kwa ulimwengu na kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Wauzaji hawa hawana kosa. Wanaweka rafuni kile kinachotoka, na kinachotoka ni kile kilichoamriwa.

Vuta N'kuvute ilinifikia kutoka Dar. Ilitoka mwaka 1999, na Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021. Nilikuwa nimeisoma zamani kwa jicho la kazi, nikitafuta siasa ya ukoloni humo Unguja. Safari hii niliisoma tu. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, ndiye aliyenishika. Kila akitoka jukwaani nilikuwa namsubiri arudi. Denge, mwanaharakati ambaye insha zetu humpamba, kwa kweli ananichosha akianza kuhutubia, na nadhani hata Shafi mwenyewe alifurahi zaidi alipokuwa akiandika mazungumzo ya mitaani. Hukumu hii sijaiona katika mwongozo wowote. Haiwezi kuwamo, kwa sababu mwongozo hauna safu ya kuchoshwa.

Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla niliupata kwa muuza mitumba, jalada limening'inia kwa uzi mmoja. Ulichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Niliusomea kwenye foleni pale Ruiru Bypass, na kwa mara ya kwanza niliitakia foleni maisha marefu. Bwana Msa na kiko chake anadaiwa mengi na Sherlock Holmes, hilo halina ubishi, lakini Kiswahili chake hakidaiwi na mtu. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, haina kurasa hata mia, nayo ilinichukua wiki tatu. Sentensi niliyoiandikia ni hii: "Sijui nimepita wapi, lakini nitarudi." Hapo ndipo nilipoacha kujali idadi ya vitabu. Anayejisifu kumaliza vitabu 50 kwa mwaka huenda amekwepa vitabu vya aina ya Nagona.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Tumezoea kuifundisha kama ndoto ya jamii yenye haki: Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anajikuta katika ulimwengu mwingine ambao watu wake wanaishi kwa usawa. Tunaligawa jina, wale-ni-sisi, tunaliandika ubaoni, basi. Hakuna aliyeniambia kwamba kitabu hiki kinachekesha. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, aliwahi kuwekwa kizuizini, na bado aliandika kwa utani wa mtu aliyekaa baraza jioni. Nilicheka peke yangu sebuleni hadi mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobeli. Ninayo pia kwa Kiingereza. Kiingereza cha Gurnah kimetiwa maneno ya kwetu ambayo msomaji wa London huyaona kama viungo vya kigeni. Katika Kiswahili maneno hayo huketi pamoja na ndugu zao, hakuna anayeyatazama. Kuna ladha inayopotea hapo, nakiri, kwa maana ugeni huo ulikuwa sehemu ya riwaya. Lakini Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anaumiza zaidi katika lugha ambayo yeye mwenyewe angeililia.

Muhula wa pili niliwaomba wanafunzi wangu 12 wa uzamili waweke daftari kama langu kwa miezi mitatu. Sikuahidi alama. Watatu hawakurudisha kitu, na huo ni uhuru wao. Waliorudisha waliandika vizuri mno, na hapo ndipo penye tatizo. Chini ya karibu kila kitabu kulikuwa na maudhui, dhamira, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha. Mmoja alisoma riwaya ya mapenzi, kitabu alichojinunulia mwenyewe, akamaliza kwa kutaja tashbihi nne. Nilipowauliza ana kwa ana, "Kilikupendeza?", darasa lilinyamaza kama lililoulizwa jambo la faragha. Hawa ndio watakaofundisha fasihi ya Kiswahili miaka 30 ijayo.

Wala si kwamba lugha imewanyima maneno. Kitabu husomeka au hakisomeki. Hukinai, hupwaya, hukwama koo, huwa na mnato. Kingine hukushinda, na kingine hukulaza macho. Mama muuza mboga wa Makongeni hukisema kipindi cha redio kwa maneno hayohayo, na akakitetea. Ni sisi tulioyatoa darasani maneno ya mlaji tukabaki na maneno ya mpishi.

Mtaala mpya wa umilisi una kipengele kiitwacho kusoma kwa mapana, na nilipokiona mara ya kwanza nilifurahi. Mwanafunzi ajichagulie matini, asome. Lakini mtoto wa jirani yangu hapa Thika aliniletea kazi yake ya likizo: taja kitabu ulichosoma, andika msamiati mpya kumi, eleza mafunzo matatu uliyopata. Mafunzo matatu! Kama angesoma hadithi ya sungura aliyeibiwa karoti, angetakiwa arudi na mafunzo matatu kuhusu karoti. Swali la pekee ambalo daftari la kujiburudisha haliwezi kukosa, yaani kama utaki­soma tena, halikuwamo.

Wenzangu hunijibu kwamba bila vitabu teule hakuna mchapishaji Kenya ambaye angethubutu kutoa riwaya ya Kiswahili. Wana hoja. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilipendwa na kizazi kizima kilichokutana nayo shuleni, na wapo watu wazima leo wanaomkumbuka Kongowea Mswahili kama mtu waliyewahi kukaa naye dawati moja. Shule ilifungua mlango huo. Ninacholalamikia ni kwamba mlango huohuo hufungwa kwa ratiba. Kitabu kikitoka katika orodha ya mtihani, madukani hutoweka karibu siku hiyohiyo, kama kwamba kimekwisha muda kama maziwa. Anayetaka kukisoma mwaka wa sita baada ya hapo aende barabarani.

Na barabarani ndiko kuna historia halisi ya usomaji wetu. Vitabu teule vya zamani hulala juu ya gunia karibu na stendi ya Thika: Kidagaa Kimemwozea, Kifo Kisimani, Utengano, bei ya sahani ya chai na andazi. Ukivifungua utakuta penseli ya mwanafunzi pembeni mwa kila ukurasa: kinaya, sadfa, majazi, jazanda. Mistari imepigwa kwa rula. Nilikuwa nikivipita vya namna hii kwa kuvihurumia, mpaka Oktoba niliponunua nakala moja ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed kwa shilingi 100. Mwenye nakala alikuwa mwanafunzi hodari, maana hakuacha tashbihi hata moja. Kisha nikafika mahali Maksuudi anaporudi nyumbani akamkuta Bi Farashuu, mkunga asiyemtaka, amekuja kumzalisha mkewe. Anampiga Tamima na kumtaliki papo hapo. Pembeni hapakuwa na istilahi. Penseli ilikuwa imegandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka: "Huyu mzee ni mbaya sana!!" Na kurasa nne zilizofuata hazikuwa na alama yoyote.

Sijui alikuwa nani, wala kama alifaulu. Katika safu yangu ya kauli, mbele ya Utengano, sikuandika sentensi yangu. Nilinakili yake, pamoja na alama zake mbili za mshangao.