Daraja la Kigongo–Busisi: tusisifu urefu tu

Ukitoka Shinyanga kwenda Geita kwa kupitia Usagara, kuna mahali barabara inaingia ziwani. Zamani hapo ndipo safari ilipokatika: unashuka, unasubiri kivuko, unanunua mahindi ya kuchoma, unasubiri tena. Mwaka 2018 nilikaa kwenye foleni hiyo upande wa Busisi na mjomba wangu aliyepewa rufaa kwenda Mwanza. Yeye amelala siti ya nyuma, mimi nahesabu magari yaliyo mbele yetu. Kwa hiyo usinitegemee niliongelee daraja hili kama mtu baki.

Lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, likapewa jina la J.P. Magufuli. Lina urefu wa kilomita 3 na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Juzi nikienda Geita kuchukua sampuli za miamba, nilishuka Kigongo makusudi nivuke kwa miguu. Konda aliniangalia kama nimechanganyikiwa.

Kila mtu anakutajia urefu. Lakini aisee, urefu ndio sehemu isiyo na msisimko! Sehemu kubwa ya hizo kilomita ni boriti za zege juu ya nguzo, nguzo, nguzo. Unatembea, jua linakupiga, hakuna kinachobadilika. Kama ni kitabu, hizi ni kurasa ambazo mhariri angezipunguza, ila ziwa haliruhusu.

Utamu uko katikati, kwenye minara mitatu yenye nyaya. Iangalie vizuri. Ni mifupi. Ukiwa umezoea daraja la Kigamboni, ambalo nyaya zake zinashuka kutoka juu sana, utadhani hapa hela ziliisha. Wala! Kule nyaya kazi yake kubwa ni kuning'iniza barabara. Hapa zimelala, haziko wima, kwa hiyo nguvu yake nyingi inakwenda kwa ulalo: zinalibana zege kutoka pande mbili.

Jaribu nyumbani. Panga vitabu sita kama vilivyo kwenye rafu, vibane kwa viganja viwili, kisha viinue vyote pamoja. Havianguki, ingawa hakuna kilichovishika chini. Ukilegeza mikono kidogo tu, cha katikati kinachomoka. Zege nalo ndivyo lilivyo: ukilibana linavumilia sana, ukilivuta linapasuka. Gari zito linapopita, sehemu ya boriti inataka kuvutika, lakini inakuta tayari imebanwa. Wazo la kuzitoa nyaya hizo nje ya boriti na kuzipitisha juu ya mnara mfupi lilipendekezwa na mhandisi Mfaransa Jacques Mathivat mwaka 1988, na daraja la kwanza la aina hiyo lilikamilika Odawara, Japani, mwaka 1994. Boriti nayo inabeba sehemu yake ya mzigo, yaani nyaya hazifanyi kazi peke yake. Faida ni kwamba nguzo zinaweza kukaa mbalimbali na vyombo vikapita chini, bila kujenga mnara wa kutisha.

Na hapa ndipo naliona zuri kweli. Upande wa Mwanza macho yamezoea mawe makubwa ya matale yaliyopandana yenyewe. Mnara mrefu ungekuwa unashindana nayo. Hii mifupi inakaa chini ya upeo wa macho kama mtu aliyekuja ugenini na adabu zake.

Kasoro yake kubwa ni kwamba ukiwa ndani ya basi huyaoni haya. Dakika chache umeshavuka, nyaya zimepita dirishani kama nguzo za umeme. Uzuri wake unaonekana ukiwa mbali, au ukiwa chini majini na wavuvi. Halafu foleni ile ilikuwa pia soko. Mama niliyenunua kwake mahindi mwaka ule alikuwa anaishi kwa kusubiri kwetu, na safari hii nilimtafuta Busisi sikumwona.

Mjomba alipona. Nilipofika katikati nilimpigia simu nikamwambia nimesimama juu ya ziwa. Akaniuliza swali moja tu: usiku nako magari yanapita? Nikamwambia yanapita.