Almasi na Ridhaa: Ufufuo wa Shujaa katika Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, unastahili kuhakikiwa kama utanzu wa masimulizi. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake. Mwenzao mmoja, ambaye hapa tutamwita msimulizi, huujenga ulimwengu wa kisa, nazo dadu huamua mengi yaliyosalia. Fanani na hadhira, basi, hugawana utunzi. Suala linalotushughulisha ni hili: mhusika akifa, nani mwenye mamlaka ya kumrudisha?

Kanuni hulijibu kwa lugha ya soko. Katika toleo la tano la mwaka 2014, kuhani aliyefuzu humfufua maiti wa siku zisizozidi 10 kwa almasi ya vipande 500 vya dhahabu. Ukimtaka wa hadi miaka 100, tafuta kuhani mkubwa zaidi na almasi ya vipande 1,000. Kundi likishatajirika, kifo huwa deni la kawaida, na taharuki ya vita hufifia. Toleo la Advanced, katika kitabu cha wachezaji cha 1978, lilikuwa kali: idadi ya ufufuo haikuweza kuzidi alama za siha alizoanza nazo mhusika, na kila mara dadu ilirushwa kubaini kama mwili utastahimili. Ukali huo ulirejesha hofu. Maana haikurejea, kwani dadu haijui marehemu alifia nini.

Matthew Mercer, msimulizi wa Critical Role, kipindi kilichoanza kurushwa 2015, alibuni utaratibu ambao wenzake marehemu huja mbele ya maiti, wakanena au wakatoa kitu. Mchango wa kila mmoja huweza kuupunguza au kuuongeza ugumu wa kumrudisha. Gharama imetoka mkobani ikahamia kinywani, na maombolezo yamekuwa sehemu ya msuko. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini wanaosema bado ni walio hai.

Kwa maoni yetu, kipengele kizito kuliko vyote kimo katika sentensi fupi ya toleo hilohilo la tano: nafsi ya marehemu sharti iwe huru, na iwe radhi kurejea. Tuchukue askari aliyefia darajani akiwazuia maadui ili wanakijiji wavuke. Almasi imepatikana, wenzake wamelia, dadu imekubali. Mchezaji wake akisema hapana, kisa cha askari yule kimetimia. Akirudi kwa sababu ameacha mtoto, kurudi kwenyewe kunakuwa tendo la kishujaa, si bidhaa iliyonunuliwa.

Atakayepinga atasema kuwa hakuna mchezaji atakayekataa, maana kukataa ni kuanza na mhusika mpya. Pingamizi hilo lina nguvu pale tu ridhaa inapoulizwa kama karani anavyouliza sahihi. Msimulizi na ampe marehemu mahali pa kusimama: anaona nini huko aliko, nani amempokea, sauti ya nani inamfikia kutoka upande huu? Ndipo amuulize. Na amuulize kabla wenzake hawajaenda kuitafuta almasi.